Grafu ya idadi ya watu duniani: moja haitoshi

Swali: "Mwalimu, nafundisha Jiografia, wanafunzi wa miaka 14 hadi 16. Kila mwaka nawapa takwimu za idadi ya watu duniani, wanachora grafu, mstari unapanda, nao wanaandika 'watu wanaongezeka kwa kasi sana.' Somo linaishia hapo. Mwaka huu msichana mmoja aliniuliza kama dunia itajaa kabla hajazeeka, nikakosa la kumjibu. Nifanyeje ili grafu iwafundishe kitu hasa?"

Jibu:

Mwalimu mwenzangu, swali la msichana huyo ni zuri kuliko maswali mengi yaliyomo kwenye vitabu vyetu, na nitalirudia mwishoni. Kwanza tuitazame ile sentensi wanayoiandika wanafunzi wako: "watu wanaongezeka kwa kasi sana." Ndani yake mna mambo mawili yaliyochanganywa. Watu wanaongezeka, hilo ni kweli. Lakini kasi ya ongezeko la watu duniani imekuwa ikipungua tangu miaka ya 1960. Mwanafunzi aliyechora grafu moja tu hawezi kuliona hilo, kwa sababu grafu hiyo inaonyesha idadi, na idadi bado inapanda. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: wachoreshe takwimu zilezile zaidi ya mara moja, kila mara ukibadilisha kinachopimwa kwenye mhimili wa wima, kisha waulize kwa nini picha zimetofautiana.

Lakini usianzie hapo. Anzia kwenye kosa.

Wape wakiwa wawili wawili jedwali hili fupi: bilioni 1 mwaka 1804, bilioni 2 mwaka 1927, bilioni 3 mwaka 1960, bilioni 4 mwaka 1974, bilioni 5 mwaka 1987, bilioni 6 mwaka 1999, bilioni 7 mwaka 2011, bilioni 8 mwaka 2022. Waambie wachore, na usiseme neno lolote kuhusu skeli. Karibu kila darasa nililowahi kufundisha, wapo wanaoipanga miaka hiyo kwenye mhimili wa mlalo kwa nafasi sawa, mmoja baada ya mwingine, kama majina kwenye daftari la mahudhurio. Wakiunganisha nukta wanapata mstari ulionyooka kabisa, wa kupigia rula. Wenzao waliogawa mhimili kwa miaka ishirini ishirini wanapata mkunjo unaoanza chini taratibu kisha unapanda ghafla. Bandika karatasi moja ya kila aina ubaoni, ukae kimya.

Kimya hicho kina kazi, usiharakishe kukijaza. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, darasa zima lilidhani mkunjo ndio umekosewa, kwa kuwa mstari ulionyooka unaonekana safi. Kisha mvulana mmoja akanyanyuka, akaja hadi ubaoni, akaweka kidole kati ya 1804 na 1927. "Hapa pamepita miaka 123," akasema. Akakisogeza kati ya 2011 na 2022. "Na hapa miaka 11. Mbona wamevipa mraba mmoja mmoja?" Tangu siku hiyo sijawahi tena kuanza somo hili kwa kueleza skeli. Nasubiri waione wenyewe.

Baada ya hapo wachore grafu ndefu, ya miaka elfu mbili. Geuza karatasi ya grafu ilale. Sentimita 1 ya mlalo iwe miaka 100, na sentimita 2 za wima ziwe bilioni 1. Kwa karne za nyuma utahitaji makadirio: mwanzoni mwa karne ya kwanza dunia ilikuwa na watu kama milioni 250, na mwaka 1500 kama milioni 500. Nasema "kama" kwa makusudi. Hakuna aliyefanya sensa ya dunia mwaka wa kwanza, na wataalamu wanatofautiana, kutoka chini ya milioni 200 hadi milioni 300 na ushee. Waoneshe kwamba nukta hiyo si nukta. Ichorwe kama kijistari cha wima kinachoonyesha kadirio la chini na la juu. Hata ule mwaka 1804 ni kadirio. Wanafunzi wakizoea mapema kwamba takwimu nyingine ni imara na nyingine ni za kukisia, watakuwa wasomaji wazuri wa grafu yoyote watakayokutana nayo baadaye.

Sasa watazame walichochora. Kwa sentimita 18 za kwanza, yaani miaka 1800, penseli imepanda kutoka nusu sentimita hadi sentimita 2. Kwa sentimita 2 na kidogo zilizobaki, imepanda sentimita 14. Wanafunzi hushtuka, na ni haki yao kushtuka. Hapo ndipo ninapowapa kazi ambayo naipenda kuliko zote katika somo hili. Nawaambia: tafuteni Tauni Kuu kwenye grafu yenu. Tauni hiyo ya mwaka 1347 hadi 1351 iliua theluthi ya watu wa Ulaya au zaidi, vijiji vikabaki vitupu, wazazi wakazika watoto wao wote. Wanatafuta. Hawaioni. Kisha nawauliza: kwa skeli yenu, milimita 1 ya wima ni watu wangapi? Wanapiga hesabu: milioni 50. Vifo vya makumi ya milioni vimejificha ndani ya unene wa mchoro wa penseli.

Naomba usiikimbie dakika hiyo. Grafu inakusanya watu wengi mno ndani ya mstari mmoja hivi kwamba misiba mikubwa ya wanadamu inafutika. Mwanafunzi anayelijua hilo hataidharau grafu, ila ataisoma kwa heshima zaidi.

Sasa tufike kwenye kiini. Andika ubaoni idadi ya watu duniani kila baada ya miaka kumi, kwa mabilioni, desimali moja: 1950 ni 2.5, 1960 ni 3.0, 1970 ni 3.7, 1980 ni 4.4, 1990 ni 5.3, 2000 ni 6.1, 2010 ni 7.0, 2020 ni 7.8. Nusu ya darasa wachore idadi yenyewe. Watapata mstari unaopanda karibu bila kupinda. Nusu nyingine watafute kwanza ongezeko la kila muongo: 0.5, 0.7, 0.7, 0.9, 0.8, 0.9, 0.8. Kisha waligawe kila ongezeko kwa idadi ya mwanzo wa muongo wake na kuliweka kwa asilimia: 20, 23, 19, 20, 15, 15, 11. Wachore asilimia hizo.

Bandika grafu hizo mbili pamoja. Moja inapanda, nyingine inashuka, na zote zimetoka kwenye safu moja ya namba ubaoni. Utasikia mabishano, na yaache yachemke. Nusu ya kwanza watasema wenzao wamekosea hesabu. Waache wahakikishe. Mfano ninaoutumia kuwatoa hapo ni wa gari: gari linalopunguza mwendo kutoka kilomita 90 kwa saa hadi 60 bado linakwenda mbele. Umbali unaongezeka huku mwendo unapungua. Idadi ya watu ni umbali, na asilimia ya ongezeko ni mwendo. Mfano huo haulingani kwa kila kitu, maana asilimia si mwendo halisi, lakini unawatoa kwenye mkwamo.

Mwanafunzi makini atauliza kwa nini kutoka 19 tumepanda tena hadi 20. Msifu, kisha mwambie ni athari ya kukadiria kwenye desimali moja. Ukitumia desimali tatu, mteremko unakuwa laini. Hilo nalo ni somo dogo: si kila tuta kwenye grafu lina sababu duniani, mengine yamezaliwa kwenye daftari.

Kama una muda wa kipindi cha pili, ipo grafu ya tatu isiyohitaji kujua logi (logarithi). Kwenye mhimili wa wima, kila sentimita 3 iwe maradufu ya iliyotangulia: milioni 250, milioni 500, bilioni 1, 2, 4, 8. Mlalo ubaki ule wa miaka elfu mbili. Safari ya maradufu ya kwanza ilichukua takriban miaka 1500. Ya pili, takriban 300. Ya tatu, 123. Ya nne, kutoka 1927 hadi 1974, ni 47. Na ya tano, kutoka 1974 hadi 2022, ni 48. Waulize: mnaona nini mwishoni? Kwa mara ya kwanza muda wa kuongezeka maradufu umekataa kupungua. Kwenye karatasi hii, kitu kinachokua kwa asilimia ileile kila mwaka huchora mstari ulionyooka. Wanadamu hawakuchora mstari ulionyooka. Kwa karne nyingi walipinda kwenda juu, maana yake asilimia yenyewe ilikuwa inakua. Vitabu vingi hutaja "ongezeko la kijiometri" kana kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote, na nadhani hapo vinawapotosha watoto. Ongezeko hilo lina asilimia isiyobadilika, na asilimia ya wanadamu haijawahi kutulia.

Hapa ndipo unapoweza kuwafundisha hatari ya kuurefusha mstari. Funika takwimu zote za baada ya 1960 na uwaambie waendelee mbele kwa macho tu. Watapaa hadi nje ya karatasi. Usiwacheke, kwa sababu wasomi wazito walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1960 Heinz von Foerster na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois walichapisha katika jarida la Science fomula iliyolingana vizuri na takwimu za karne nyingi zilizopita. Ukiifuata mbele, idadi ya watu ilikuwa iwe isiyo na kikomo siku ya Ijumaa, tarehe 13 Novemba 2026. Fomula ililingana na yaliyopita. Kilichobadilika ni watu wenyewe, na kilianza kubadilika miaka michache tu baada ya kuchapishwa kwake. Kilele cha asilimia ya ongezeko, zaidi kidogo ya 2 kwa mwaka, kilipita katika muongo huohuo. Leo asilimia hiyo iko chini ya 1.

Ukitaka wajue maana ya asilimia hizo, wape kanuni ya 70: gawa 70 kwa asilimia ya mwaka, utapata takriban miaka ya kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 2 ni miaka 35, kwa asilimia 1 ni miaka 70. Wakishaijua, wataitumia hata kwenye riba ya benki bila kuambiwa.

Sababu za mkunjo huo usizihubiri, zichezeni. Kila kundi lipewe vifungo au vipande vya karatasi 20, kila kimoja ni mtu, na dadu moja au mbili. Kila mzunguko, dadu inarushwa kwa ajili ya kila mtu. Mizunguko mitano ya kwanza: ikitoka 1 au 2, mtu anafariki na kuondolewa, ikitoka 5 au 6, anazaa na kimoja kinaongezwa. Wanaandika idadi mwisho wa kila mzunguko. Idadi itayumba huku na huku karibu na 20, na kundi moja huenda likapungua sana, jambo ambalo ndilo lililowapata watu wengi wa kale. Mizunguko mitano inayofuata badilisha sheria moja tu: anafariki ikitoka 1 pekee, uzazi ubaki uleule. Idadi itakimbilia 40 na zaidi. Mizunguko mitano ya mwisho, punguza na uzazi: anazaa ikitoka 6 pekee. Mstari unalala tena, lakini sasa umelala juu.

Kabla hawajafungua kitabu, waulize: ongezeko lilianzishwa na nini? Watakujibu wenyewe kwamba hakuna aliyeongeza uzazi. Vifo ndivyo vilivyopungua. Hili nalitilia mkazo kwa moyo wangu wote, Mwalimu, kwa sababu katika darasa lako kuna watoto waliotoka kwenye familia kubwa, na somo hili likifundishwa vibaya wanaondoka wakijiona wao ndio tatizo la dunia. Mwaka 1800, takriban watoto wanne kati ya kila kumi walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Leo hawafiki wanne kati ya mia. Ule ukuta kwenye upande wa kulia wa grafu umejengwa kwa sehemu kubwa na watoto ambao hawakufa: chanjo, kuanzia ile ya ndui ya Edward Jenner mwaka 1796 hadi ndui kutangazwa kutokomezwa mwaka 1980, maji safi na vyoo, mbolea za viwandani, dawa za viuavijasumu tangu miaka ya 1940. Na baada ya wazazi kuona watoto wao wanaishi, baada ya wasichana kusoma na njia za uzazi wa mpango kupatikana, uzazi nao ukashuka, kutoka wastani wa watoto watano kwa mwanamke mwaka 1950 hadi zaidi kidogo ya wawili leo.

Ukipenda mfano halisi wa mchezo huo wa dadu, tumia Uswidi. Nchi hiyo ina takwimu za vizazi na vifo za nchi nzima tangu 1749, na grafu ya mistari miwili, vizazi na vifo kwa kila watu elfu, inaonyesha hatua zote tatu. Mwanzoni mistari iko juu na vifo vinarukaruka. Mwaka 1773, mwaka wa njaa, vifo vinachomoza juu ya vizazi kama mkuki. Kisha katika karne ya 19 vifo vinashuka, vizazi vinachelewa kuvifuata, na nafasi kati ya mistari hiyo miwili ndiyo ongezeko. Waambie waitie rangi nafasi hiyo. Mwanafunzi aliyeipaka rangi kwa mkono wake hasahau.

Mchezo wa dadu una upungufu mmoja, na uwaambie. Kwenye vifungo, uzazi ukipungua ongezeko linakoma papo hapo. Kwa watu halisi haliko hivyo. Nchi yenye vijana wengi itaendelea kuongezeka kwa miongo kadhaa hata kama kila mama atazaa wawili tu, kwa sababu kina mama wenyewe ni wengi kuliko bibi wanaofariki. Hapo piramidi ya umri, yaani grafu ya pau inayoonyesha watu wa kila rika, inasaidia kuliko maelezo marefu. China ni mfano mzuri: sera ya mtoto mmoja ilianza kutekelezwa karibu na 1980, lakini idadi ya watu wake ilianza kupungua mwaka 2022 tu.

Kuhusu kupima uelewa, achana na "eleza grafu inavyoonyesha." Mpe mwanafunzi grafu na umtake aandike sentensi moja ambayo grafu hiyo inaithibitisha, na nyingine ambayo watu wanaweza kuidhania lakini grafu haiithibitishi. Hiyo ya pili ndiyo inayokuonyesha nani ameelewa.

Sasa tumrudie msichana wako. Usimpe jibu la kumtuliza tu, wala la kumtisha. Mpe takwimu, na karatasi. Mwambie ahesabu miaka iliyotumika kuongeza kila bilioni: 123, 33, 14, 13, 12, 12, 11. Hapo ataogopa zaidi, kwa kuwa pengo linazidi kufupika. Mwulize inawezekanaje, ikiwa asilimia inashuka. Akikaa nalo atagundua kwamba asilimia ndogo ya watu wengi bado ni watu wengi: asilimia 1 ya bilioni 8 ni milioni 80. Kisha mpe makadirio ya Umoja wa Mataifa: bilioni ya 9 inatarajiwa karibu na 2037, yaani pengo la miaka 15, la kwanza kurefuka tangu mwanzo wa orodha. Na makadirio yao ya 2024 yanaweka kilele cha takriban bilioni 10.3 katikati ya miaka ya 2080, kisha mteremko mdogo.

Yeye mwenyewe atakuwa na miaka sabini na kitu wakati huo. Mwambie auandike umri wake juu ya mhimili wa mlalo, pale kwenye 2085. Halafu sehemu hiyo ya mbele aichore kwa penseli, kwa vitone, na asichore mstari mmoja bali mitatu: wa juu, wa kati na wa chini, kama wanavyofanya wanademografia, wataalamu wa idadi ya watu, wenyewe. Akikuuliza ni upi utakaotimia, mwulize utategemea nini, na umwachie nafasi pembeni mwa karatasi ya kuandika jibu lake.